Kitabu Gani Kitaukinaisha Moyo?



Miongoni mwa maswali yanayoletwa kwetu hapa redioni limo moja ambalo limerudi mara nyingi kwa sura mbalimbali, na ambalo leo nimeomba nafasi hii nilizungumze kwa marefu na mapana yake, kwa kuwa naliona ni swali la haja kubwa wala halistahili kujibiwa kwa maneno mawili. Mwanamke aliyeachwa na mumewe auliza ni kitabu gani akisome ili moyo wake usiwe tena rehani mikononi mwa mtu mwingine. Kijana aliyemaliza chuo, ambaye mwaka wa pili sasa anabisha milango ya waajiri, auliza ni kitabu gani kitakachomwondolea unyonge anaoamka nao kila asubuhi. Mzee aliyestaafu, ambaye watoto wake wako Dar es Salaam na Muscat, auliza kama kiko kitabu kinachomfunza mtu kukaa faragha na nafsi yake bila ya kuiogopa. Muradi wao ni mmoja. Wote watatu wanatafuta ukinaifu wa moyo, yaani ile hali ya mtu kuwa na akiba ya ndani, asipaishwe na kila anayemsifu wala asivunjike kwa kila anayemwacha.

Haja hii haikuanza jana, lakini siku hizi imepata wauzaji wengi. Mwenye kupita barabara za Ngamiani, hapa Tanga mjini, zilizopewa namba badala ya majina, au mwenye kusimama mbele ya kijana aliyetandaza vitabu vyake vya mitumba juu ya turubai, ataona kwamba vitabu vinavyouzika upesi, baada ya vile vya shule na vya dini, ni vitabu vinavyoitwa vya kujiendeleza, ambavyo vingi vimetoka Marekani na vingine vimeandikwa na wahamasishaji wetu wenyewe wanaohutubia kumbini na katika simu za watu. Atamkuta Dale Carnegie na kitabu chake cha mwaka 1936 juu ya kupata marafiki na kuvuta mioyo ya watu. Atamkuta Robert Kiyosaki na kitabu chake cha mwaka 1997 juu ya baba tajiri na baba maskini. Na kando yao atakuta vijitabu vyembamba visivyo na jina la mpiga chapa, vinavyomwahidi msomaji kwamba atakapofika ukurasa wa mwisho atakuwa mtu mwingine.

Sipendi kuvidharau vitabu hivi, maana nimeona vikimwinua kijana aliyekuwa amejilaza. Carnegie alianza kufundisha watu wazima kusema hadharani huko New York mwaka 1912, katika darasa la jioni, na yale aliyoyaandika baadaye juu ya kusikiliza kwa makini, kukumbuka jina la mtu na kujizuia kulaumu ni mambo ambayo bibi yeyote wa pwani hii angeyakubali kuwa ni adabu njema. Lakini niseme kwa insafu kwamba vingi katika vitabu hivi viliandikwa kwa ajili ya soko, na soko halina uso. Mwandishi wake anasema na mamilioni, hajui kama anayemsoma amefiwa, ameachwa, ameachishwa kazi au ni mgonjwa, na kwa kuwa hajui, humpa kila mmoja dawa ile ile ya bidii na tamaa. Zaidi ya hayo, aghalabu huwafanya watu wengine kuwa ama ngazi ya kupandia ama mizigo ya kutua, na msomaji aliyekwenda kutafuta utulivu huondoka na hesabu mpya ya nani wa kumtumia na nani wa kumkimbia. Mwanamke yule aliyeachwa akikisoma kitabu cha namna hiyo, huenda akajifunza kutomhitaji yeyote, na mimi nachelea kuwa atakuwa ametoka katika ukiwa mmoja akaingia katika ukiwa wa pili.

Ni jambo la kustaajabisha kwamba hata kitabu kinachohesabiwa kuwa baba wa vitabu hivi vyote hakikuzaliwa katika soko. Samuel Smiles, tabibu Mskoti aliyeacha utabibu akawa mhariri wa gazeti, aliendewa katika mji wa Leeds mwaka 1845 na vijana wafanyakazi waliokuwa wamejikusanya jioni ili kufundishana kusoma, kuandika na kuhesabu, kila ajuaye kidogo akimfunza asiyejua. Walipozidi wakapanga chumba kikubwa kilichokuwa kimetumiwa kuwalaza wagonjwa wa kipindupindu, chumba ambacho watu wengine walikiogopa, na humo ndimo walimomwalika aje awasemeshe. Smiles akaenda, akawasimulia habari za watu walioanza na kidogo wakafika mbali, na kutokana na mazungumzo yale kikatoka kitabu alichokichapisha mwaka 1859, ambacho jina lake ni la kujisaidia mwenyewe. Mwaka 1880 Yaqub Sarruf alikwisha kukitia katika Kiarabu huko Beirut, na Wajapani walikuwa nacho tangu mwaka 1871. Tazameni basi: kitabu cha kumfunza mtu ajisaidie mwenyewe asili yake ni mazungumzo kwa watu waliokuwa wakisaidiana, ndani ya chumba kimoja, mbele ya msemaji aliyewaona kwa macho yake na kujua nini kimewaleta.

Hapa ndipo lilipo jibu langu, nami nitalieleza kwa mifano ya kwetu. Mwenye kutafuta kitabu cha kuuimarisha moyo na aulize kwanza mwandishi alikuwa akisema na nani, na alikuwa katika hali gani aliposema. Kitabu kilichoandikwa na mtu aliyepatwa, kikaelekezwa kwa mtu anayependwa, kina nguvu ambayo hakina kitabu kilichoandikiwa umati na mtu aliyeshiba. Na katika vitabu vya namna hiyo, pwani yetu si maskini hata kidogo.

Mwaka mmoja kabla ya Smiles kuchapisha kitabu chake London, yaani mwaka 1858, ambao kwa hesabu ya Hijra ulikuwa 1275, mwanamke mgonjwa wa upande wa Lamu alitunga utenzi kwa ajili ya binti yake. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mjane wa Bwana Mataka, yule mtawala wa Siyu aliyeshindana kwa miaka mingi na nguvu za Sultani wa Unguja na ambaye alifariki mwaka 1856. Mama huyu, aliyekuwa ameuguza mwili wake kwa muda wa mwaka, alimwita binti yake Mwana Hashima asogee karibu na wino na karatasi, akamwachia alichokuwa nacho: mwenendo wa dini, adabu ya ulimi, namna ya kuwachukulia wakubwa na watumwa na maskini, namna ya kukaa na mume, na mwishowe dua ndefu ya mama aliyejua kwamba safari yake imekaribia. Alifariki yapata mwaka 1860.

Najua wako mabinti wa leo wanaokisoma kipande cha utenzi ule kinachohusu utii kwa mume wakakifunga kitabu kwa hasira, nami siwalaumu, kwa kuwa zama zimebadilika na si kila agizo la mwaka 1858 linafaa kuwa sheria ya nyumba ya leo. Hata hivyo nawaomba wasikifunge mapema. Mwana Kupona alipotunga alikuwa hana mume, hana afya, na mji wa mumewe ulikuwa umepungukiwa na nguvu zake za zamani. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kulia na nafsi yake, ni yeye. Badala ya kulia akahesabu alichonacho, akakuta ana ilimu, ana ulimi na ana mtoto, akaviunganisha vitatu hivyo vikawa utenzi ambao umeishi zaidi ya miaka 160. Mimi nikitafuta mfano wa mtu aliyejitosheleza moyoni, nauona hapo kwanza, tena nauona kwa mtu ambaye wakati wa kujitosheleza kwake alikuwa amemwelekea mwingine kwa mapenzi yake yote.

Kabla yake, mwanachuoni wa Pate, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alikuwa amefuata njia nyingine iliyo ngumu zaidi, maana yeye hakumsemesha mtoto wala mwanafunzi, aliusemesha moyo wake mwenyewe. Katika Al-Inkishafi anauketisha moyo mbele yake, anauuliza kwa nini umeghurika na dunia, anauonyesha majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na mapazia na watumishi, ambayo sasa yamekuwa makao ya popo na wadudu. Msikilizaji anayefikiri kwamba kuzungumza na nafsi ni jambo tuliloletewa na mabingwa wa saikolojia wa karne ya 20, na asome utenzi huu pole pole, ukurasa mmoja kwa usiku mmoja. Wala Sayyid Abdalla hakuanzisha. Nyuma yake kulikuwa na mlolongo wa wanachuoni, na mkubwa wao katika jambo hili ni Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ambaye katika Ihya Ulum al-Din aliweka kitabu kizima juu ya mtu kuichunga nafsi yake na kuihasibu, kama mfanyabiashara anavyomhasibu mshirika wake jioni baada ya kufunga duka: nini kimeingia, nini kimetoka, wapi pana hasara, na kesho tushike shuruti gani. Wengi wetu tulifunzwa muhasaba huu tulipokuwa chuoni, tukaukariri pamoja na mengine, na hatukudhani kwamba siku moja tungekwenda kuununua kwa bei ya dola.

Na sasa nije nyumbani kabisa, kwa mtu ambaye Tanga ina haki ya kumtaja kabla ya miji mingine yote. Shaaban Robert alizaliwa siku ya kwanza ya mwaka 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Machui, kusini ya mji wetu huu. Akasoma Dar es Salaam kati ya mwaka 1922 na 1926. Kisha akawa karani wa forodha, na Pangani ikawa moja ya vituo vyake. Akahamishiwa bara mpaka Mpwapwa. Akarejea Tanga baada ya Vita Kuu ya Pili akafanya kazi katika ofisi ya wilaya na kisha katika idara ya upimaji. Akafariki Juni 1962, miezi michache baada ya kuiona bendera ya Uhuru, akazikwa Machui. Huo ndio wasifu wake kwa nje, nao ni wasifu wa karani. Kwa ndani ulikuwa wasifu wa mtu aliyefanya kazi ya serikali ya watu wengine mchana, na usiku akaifanya kazi ya lugha yake mwenyewe, bila ya chuo kikuu kumfunza na mara nyingi bila ya mpiga chapa kumngojea.

Kitabu chake ninachotaka kila anayetafuta nguvu ya moyo akianze ni Maisha Yangu, kilichochapishwa mwaka 1949 na ambacho baadaye kiliunganishwa na sehemu ya pili aliyoiita Baada ya Miaka Hamsini. Kwa wingi wa kurasa ni kitabu kidogo. Asiyekijua huenda akatazamia humo majigambo ya mtu mashuhuri, na badala yake atakuta mtu anayesimulia ndoa, ugonjwa, uhamisho, mshahara, madeni, watoto na mauti kwa ulimi mtulivu kabisa. Mkewe Amina alipofariki, Shaaban hakuificha simanzi yake wala hakuipamba ili ionekane ushujaa. Alimtungia shairi la maombolezo ambalo vizazi vya wanafunzi vimelikariri, kisha akaendelea na kulea. Ndani ya kitabu hicho hicho mna tenzi mbili, moja kwa binti yake na nyingine kwa mwanawe wa kiume, na asomaye ule wa binti hatakosa kumwona Mwana Kupona akipita katika mistari: mzazi yule yule, karatasi ile ile, ila safari hii mzazi ni mwanamume wa Tanga katika karne ya 20, na miongoni mwa anayomhimizia bintiye mna elimu na kazi ya mikono yake.

Nimeyasoma mawaidha yale nikiwa katika hali mbalimbali za maisha, na lililonigusa kila mara ni kwamba mwandishi hamfichi msomaji jeraha lake. Wahamasishaji wengi hutuonyesha kovu lililokwisha kupona, tena limepakwa mafuta. Shaaban Robert anaandika mkono wake ukiwa bado unatoka damu, na kwa sababu hiyo aliyefiwa humwamini. Hamwambii mtoto kwamba dunia itampa atakacho iwapo atakitaka kwa nguvu. Anamwambia awe na kazi, awe na adabu, aogope deni, amche Mungu, na asiwe mzigo wala mtumwa wa mtu. Mimi sijaona katika vitabu vyote vya turubai maelezo bora kuliko haya ya mtu anayesimama kwa miguu yake.

Fauka ya hayo alituachia hadithi. Katika Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, Adili liwali wa Janibu amelazimishwa na amri ya jini kuwapiga kila usiku manyani wawili, ambao ni ndugu zake Hasidi na Mwivu waliojaribu kumuua, naye huwapiga huku analia, na baada ya kuwapiga huwabembeleza na kuwalisha. Sijui picha nyingine katika fasihi yetu inayoeleza vizuri zaidi hali ya mtu aliyedhulumiwa na wa damu yake, ambaye hawezi kusahau na hawezi kuacha kupenda. Yule dada aliyeachwa, au yeyote aliyedhulumiwa na wa karibu, atajitambua humo kabla ya kurasa 30 kwisha, na atauona msamaha ukifika kwa taratibu yake, baada ya mambo kusemwa mbele ya mfalme, si kwa kunyamaziwa. Na yule kijana aliyekosa kazi ningempa Utubora Mkulima, ambamo mtu mwenye ujuzi na sifa njema anaacha kazi ya mshahara mjini akaenda kulima Busutamu, akaishi kwa jasho lake na kwa ujirani mwema. Sisemi kwamba kila kijana wa Tanga aende shamba. Wengine wamekulia barabara ya 12 na jembe hawajalishika. Ninalotaka alione ni mtu ambaye thamani yake haikubaki ofisini alipoondoka ofisini.

Kitabu hicho cha Utubora, wasikilizaji, mwandishi wake hakukiona kikichapishwa, maana kilitoka mwaka 1968 naye alikuwa kaburini mwaka wa sita. Kufikirika, alichokiandika mwaka 1946, kilingoja mpaka 1967. Nawaza mara kwa mara juu ya karani huyu aliyerudi kutoka kazini, akakaa na taa yake, akaandika kitabu baada ya kitabu huku miswada ya nyuma ikiwa sandukuni bado, na najiuliza alikuwa akipata wapi nguvu ya kuanza ukurasa mwingine. Hapana shaka alipenda vitabu vyake visomwe. Alivitafutia wachapaji kwa bidii. Lakini kazi yake haikusimama kwa kuwa sifa imechelewa, na kwa mtu anayeamka na unyonge kwa sababu waajiri hawajamjibu, habari hii ya kweli ya jirani yetu wa Machui yaweza kuwa na faida kuliko habari za matajiri wa ng'ambo.

Sasa niseme kidogo juu ya namna ya kusoma. Tumezoea kudhani kwamba anayetafuta kujitosheleza lazima asome peke yake, mlango umefungwa, ilhali vitabu vya pwani havikutungwa kusomwa kimya. Utenzi husomwa kwa sauti, mmoja akighani na wengine wakisikiliza, na msikilizaji huchukua kilicho chake bila ya kulazimika kutangaza kwamba ni chake. Mwana Kupona mwenyewe alitaka wanawake wausome utenzi wake, kwa hiyo tangu mwanzo aliuona ukitoka chumbani kwa Mwana Hashima ukaingia katika kumbi za wenzake. Na wazee wetu wanaonisikiliza watakumbuka kwamba redio hii hii iliwahi kuwa msomeshaji wa namna hiyo: mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchini walikaa katika vikundi, kijitabu kimoja mkononi mwa kiongozi na redio katikati, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vya mbu. Somo lilikuwa la mwili, lakini utaratibu ule ungefaa sana kwa somo la moyo. Watu watano au sita, wake kwa waume au kila jinsia mahali pake kama ilivyo desturi ya nyumba, wakiketi alasiri moja kwa juma na sura moja ya Maisha Yangu, watapata nafuu ambayo msomaji wa peke yake huisubiri kwa muda mrefu.

Ziko hali, hata hivyo, ambazo kitabu hakizitoshi, nami ningekuwa nafanya khiana nisipozitaja. Mtu ambaye usingizi umemkimbia kwa majuma, ambaye chakula hakipiti, ambaye anasikia sauti au anafikiri kujidhuru, huyo hahitaji mawaidha; ahitaji tabibu, na wa kumpeleka. Mkoa wetu usione haya katika jambo hili, kwani Lutindi, huko juu milimani katika wilaya ya Korogwe, pamekuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili tangu mwanzo wa karne ya 20; palianzishwa mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliookolewa katika utumwa, na miaka michache baadaye pakageuzwa kuwa hospitali, ambamo wagonjwa hutibiwa na pia hushughulishwa na kazi za mikono na za mashamba. Anayemficha mgonjwa chumbani kwa kuona aibu, akampa kitabu badala ya kumpeleka kwa mganga wa hospitali, anamdhulumu mgonjwa na anakidhulumu kitabu.

Na vitabu vyenyewe vinapatikana wapi? Vya Shaaban Robert vimechapishwa upya na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam, na mwenye duka la vitabu akiviagiza huletewa. Asiyekuwa na fedha aende Maktaba ya Mkoa hapa mjini, lile jengo lililojengwa zama za Waingereza kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa 6, akaulize rafu ya fasihi ya Kiswahili kabla ya kuuliza kitu kingine. Utenzi wa Mwana Kupona, pamoja na ule wa Ayubu, mtume wa subira, anaweza kuukuta ndani ya Tendi, kitabu alichokitoa J. W. T. Allen mwaka 1971. Lugha yake ni ya Kiamu na itamsumbua msomaji wa Tanga mwanzoni, lakini akimpata mzee wa kumfasiria beti kumi za kwanza, zilizobaki zitafunguka zenyewe.

Allen huyo, katika miaka ya 1960, alizunguka pwani hii akikusanya maandishi ya kale, na aliyoyakusanya yamehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hakuyamaliza. Nyumba nyingi za Tanga, Pangani, Tongoni na Moa zilikuwa na makasha yenye karatasi zilizoandikwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu: tenzi, dua, barua na wasia. Baadhi ya makasha hayo bado yapo chini ya vitanda, na waliorithi hawasomi hati zile, kwa hiyo hudhani ni sehemu za msahafu wakaziogopa, au ni hesabu za biashara wakazidharau, na kila masika mchwa huchukua fungu lake.

Yeyote kati yenu mwenye kasha la namna hiyo, namwomba asingoje. Amwalike mwalimu wa chuo anayejua kuzisoma hati hizo, akae naye barazani pamoja na watu wa nyumba, watoto wasiondolewe, na karatasi zisomwe moja moja kwa sauti huku mmoja akiandika kwa hati za siku hizi. Nyingi zitakuwa ni hesabu za nazi na mikataba ya mashamba, na hizo pia zihifadhiwe. Lakini ikiwa katikati yake mtakuta mama aliyemwandikia binti, au babu aliyemwandikia mjukuu, someni mpaka mwisho, mwandike jina la aliyetunga na la aliyeandikiwa ikiwa yanajulikana, mtie nakala mahali pakavu, na nakala ya pili mwipeleke maktaba. Na wenyewe wakiridhia, watuletee nasi hapa tuisome hewani katika saa kama hii.